Mary Seacole: Mwuguzi Aliyepiga Hodi Asiitikiwe

Mwezi uliopita palikuwa na shughuli katika nyumba ya jirani yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Binti yao, aliyesomea uuguzi akafaulu, kisha akakaa nyumbani miaka miwili bila ya kazi, alipata barua ya kumwita Uingereza akahudumu hospitalini, kwa mujibu wa mapatano yaliyotiwa sahihi baina ya nchi hiyo na Kenya mwaka 2021. Baba yake alishukuru Mungu. Bibi yake alilia. Nasi tuliokuwa barazani tukagawanyika, wa kusema mwacheni mtoto aende atafute riziki yake, na wa kusema ng'ambo si kwao. Mzee mmoja akauliza ikiwa watu wa huko wamepata kumkubali mgeni mweusi amshike mgonjwa wao mkono, au wataka tu mtu wa kuwafulia mashuka.

Swali la mzee huyo lina jibu refu, na sehemu kubwa ya jibu hilo imo katika maisha ya mwanamke mmoja aliyekufa mwaka 1881. Jina lake ni Mary Seacole. Wasomaji wengi wamesikia habari za Florence Nightingale, yule Bibi wa taa, kwa kuwa vitabu vya shule havikumwacha nje. Huyu wa pili alikuwa katika vita vile vile, mwaka ule ule, akiwauguza askari wale wale, lakini alikwenda kwa nauli yake mwenyewe baada ya kunyimwa nafasi.

Alizaliwa mwaka 1805 katika mji wa Kingston, kisiwani Jamaika, akaitwa Mary Jane Grant. Baba yake alikuwa askari wa Kiskochi. Mama yake alikuwa mwanamke huru wa kisiwani, mweusi aliyechanganya damu, naye akiendesha nyumba ya wageni iliyoitwa Blundell Hall. Basi Mary alikuwa chotara, na alikuwa mtu huru katika nchi ambayo watu weusi wengi walikuwa bado watumwa. Utumwa haukukoma Jamaika ila baina ya mwaka 1834 na 1838. Kuwa huru hakukumfanya awe sawa na Mzungu. Kulimpa nafasi ya kusafiri, kufanya biashara na kujifunza kazi.

Kazi yenyewe aliirithi kwa mama. Katika visiwa vile palikuwa na wanawake waliojua mitishamba, waliozalisha, waliouguza homa, nao wakiheshimiwa kama tulivyokuwa tukiwaheshimu wakunga wetu kabla ya hospitali kuenea. Wageni wa Blundell Hall walikuwa maofisa wa jeshi la Waingereza pamoja na wake zao, na wengi waliingia mle wakiwa wagonjwa. Mary alipokuwa mtoto alikuwa na mwana wa bandia, na ugonjwa wowote uliopita mjini, yule mwana wa bandia aliupata. Baadaye akahamia kwa mbwa na paka. Walipomkimbia, akajijaribia dawa mwenyewe.

Alikuwa na miguu isiyotulia. Angali kijana alifika London, akarudi nyumbani, akaenda tena akiwa na shehena ya achari na matunda yaliyotiwa sukari ili auze. Alifika Bahama, Haiti na Kuba. Mwaka 1836 aliolewa na Bwana Edwin Seacole, mtu dhaifu wa afya ambaye ilimbidi amwuguze zaidi ya kuishi naye. Mwaka 1843 moto mkubwa uliunguza sehemu ya Kingston, na nyumba ya Blundell Hall ikateketea. Mwaka uliofuata mume akafariki, na mama naye hakukawia. Mary akaijenga nyumba upya na kuendelea na wageni wake. Hakuolewa tena.

Mwaka 1850 kipindupindu kiliingia Jamaika kikaua zaidi ya watu 30,000. Sisi wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo, kwa kuwa kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliifagia Unguja na miji ya mwambao. Mary aliuguza, akatazama, akaweka akilini. Kisha, mwaka 1851, akahama.

Alihamia Panama, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya dola ya New Granada. Ndugu yake Edward alikuwa amefungua hoteli katika kijiji cha Cruces, kando ya mto Chagres, kwenye njia ya watu waliokuwa wakikimbilia dhahabu ya California. Kilikuwa kijiji cha matope, kamari na visu. Hakuwa amekaa sana alipokufa ghafula Mhispania mmoja, rafiki wa ndugu yake, na watu wakanong'ona kwamba amelishwa sumu. Mary akaenda kumtazama maiti. Alipouona uso ulivyobonyea na mwili ulivyokunjamana, akajua kuwa si sumu bali ni kipindupindu, na haikupita muda wagonjwa wengine wakaanguka.

Pale hapakuwa na daktari ila mmoja, naye mwoga asiyejua la kufanya. Basi mwanamke huyu, mgeni katika nchi, akawa ndiye tabibu wa mji. Matajiri waliomwita walimlipa, na maskini aliwatibu bure. Aliwatapisha kwa haradali, akawabandika haradali tumboni, akawapa kalomeli, ambayo ni dawa yenye zebaki, na wengine sukari ya risasi. Leo twajua kuwa dawa hizo ziliweza kudhuru, na yeye mwenyewe alipozeeka alikiri kwamba alifanya makosa ya kusikitisha. Lakini pia aliwanywesha maji yaliyochemshwa na mdalasini, na maji ndiyo anayoyahitaji mwenye kipindupindu kuliko kitu chochote. Aliwafungulia madirisha, akawaosha, akawakandia miguu, akakaa nao. Ni wangapi aliowaponya kwa dawa, na ni wangapi aliowaponya kwa kukaa nao, ni Mungu ajuaye.

Liko jambo moja la Panama ambalo baadhi ya wasomaji litawachoma. Alikufa mikononi mwake mtoto mchanga, yatima. Mary alitaka kuujua ugonjwa ule ulivyofanya kazi ndani ya mwili, na hapakuwa na kitabu wala mwalimu wa kumweleza. Akampa fedha mtu aliyekuwa akienda kumzika, wakamchukua ng'ambo ya mto, naye akampasua akatazama, kisha wakamsitiri kaburini. Hakuficha jambo hilo, na hakujisifu kwalo. Alisema tu kwamba aliyoyaona yalimsaidia. Mimi nimelifikiri mara nyingi na sijaweza kumhukumu.

Baadaye kipindupindu kikampata mwenyewe, akapona.

Huko Panama ndiko alikojua vizuri dharau za rangi. Katika karamu ya sikukuu ya uhuru wa Marekani, Mmarekani mmoja alisimama kumshukuru kwa kuwaokoa watu, kisha akasikitika kwamba Mungu hakumwumba mweupe, na akatamani ingewezekana kumsafisha rangi hiyo ili akubalike katika kila majlisi. Alidhani anamsifu! Mary akainuka, akamshukuru kwa nia yake, akasema hayataki matumaini hayo juu ya rangi yake. Hata angekuwa mweusi kama mkaa angeridhika vile vile, na wale ambao heshima yao ina thamani kwake wangemheshimu. Akamalizia kwa kuwaombea Wamarekani tabia njema. Siku alipoondoka Panama, abiria wanawake wa meli ya Kimarekani walikataa kusafiri naye, ikambidi ashuke na mizigo yake angojee meli ya Waingereza.

Mwaka 1853 alikuwa amerudi Jamaika, na homa ya manjano ikazuka. Wakuu wa tiba wa jeshi wakamwomba asimamie uuguzi katika kambi ya Up-Park, nje kidogo ya Kingston. Msomaji lishike jambo hili, kwa sababu linahusika na lile linalofuata. Jeshi la Waingereza lilimjua. Lilimtumia kuuguza watu wake kule visiwani, likamwamini.

Mwezi wa Machi mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa Dola ya Uthmaniya dhidi ya Urusi, na mwezi wa Septemba majeshi yakashuka katika rasi ya Krimea. Kipindupindu na kuhara vilikwenda nao. Katika vita vile waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi na mizinga. Mary alisikia kwamba vikosi alivyovijua Kingston vimepelekwa huko, na vijana aliowauguza wanakufa, akaabiri kwenda London.

Alipofika, Bibi Nightingale alikuwa amekwisha kupewa kazi. Aliondoka tarehe 21 Oktoba 1854 pamoja na wauguzi 38, na wengine walikuwa wakitafutwa wafuate. Mary hakuwa na cheti cha hospitali. Wakati huo karibu hakuna mwuguzi aliyekuwa nacho, kwani hata shule ya Nightingale haikufunguliwa mpaka mwaka 1860. Alikuwa na barua za watu walioshuhudia kazi yake, mmoja wao daktari wa kampuni ya machimbo ya dhahabu ya Panama. Akaenda nazo Wizara ya Vita. Akangojeshwa, vijana wa ofisini wakamtazama na kutabasamu, akaambiwa aende idara nyingine. Idara ya pili ikampeleka ya tatu. Akaenda nyumbani kwa Bwana Sidney Herbert, waziri aliyempeleka Nightingale; akakaa ukumbini muda mrefu, watumishi wakipita na kumkodolea macho, mwisho akajibiwa kwamba nafasi zimejaa. Akaonana na mmoja wa wanawake waliokuwa wakisaidia kuchagua wauguzi, akasoma usoni mwake kwamba hata nafasi ingekuwapo asingepewa. Akajaribu kwa wasimamizi wa mfuko wa misaada wamlipie nauli tu. Wakakataa.

Jioni moja ya baridi, giza likiingia, alisimama njiani akalia. Alijiuliza ikiwa wamemkataa kwa sababu ya damu iliyo chini ya ngozi iliyokuwa nyeusi kidogo kuliko yao. Wapo waandishi wanaosema kwamba alichelewa, kwamba alikuwa na miaka karibu 50, kwamba hakufuata taratibu za maombi. Huenda kila moja lina ukweli wake. Lakini mtu aliyeaminiwa na jeshi kule Kingston aliona kwamba mikono ile ile, ilipovuka bahari kwenda makao makuu, haikutakiwa, na kila nesi wetu aliyepeleka karatasi zake nchi ya kigeni akarudishiwa anajua uchungu wa jambo hilo.

Hakurudi nyumbani. Alishirikiana na Bwana Thomas Day, jamaa ya marehemu mumewe, wakafanya kampuni ya biashara ya Seacole na Day. Akanunua dawa, vyakula na bidhaa, akapeleka kadi kuwaarifu maofisa kwamba anakuja kufungua nyumba ya wageni, akapanda meli iliyoitwa Hollander mwezi Januari mwaka 1855. Ikiwa mlango wa serikali umefungwa, ataingia kwa mlango wa sokoni.

Njia yake ilipita Gibraltar na Malta hadi Istanbul, mji ambao wazee wetu wakiuita Stambuli. Ng'ambo ya mji huo, Üsküdar, Sultani Abdulmajid alikuwa amewapa Waingereza kambi yake kubwa ya askari waifanye hospitali, na humo ndimo alimofanya kazi Nightingale. Mary alikwenda akatembea baina ya vitanda, na baadhi ya askari waliomjua tangu Jamaika wakamwita. Alikuwa na barua ya kumjulisha kwa Nightingale. Wakaonana kwa dakika chache, Nightingale akamwuliza kwa adabu alichotaka, naye akaomba mahali pa kulala usiku ule. Akalazwa kwa dobi wa hospitali. Asubuhi akaendelea na safari.

Krimea alianza kazi gatini Balaklava, hata kabla ya kupata nyumba, akiwapa chai wagonjwa na majeruhi waliokuwa wamelazwa chini wakingojea meli, na kuwafunga upya bandeji zilizolegea. Kisha akajenga karibu na Kadikoi, mahali alipopaita Spring Hill, kwa mbao zilizokuwa zikielea bandarini, mabati na masanduku ya shehena. Nyumba hiyo, iliyoitwa British Hotel, ilimgharimu kiasi cha pauni 800. Ilikuwa duka, mkahawa, stoo na zahanati kwa pamoja. Panya, wezi na matope havikumwacha alale.

Alfajiri alikuwa na kahawa tayari. Kisha kuku wakanyonyolewa, nyama ikapikwa, wali wa maziwa ukafanywa, ambao askari waliupenda kwa kuwa uliwakumbusha kwao. Baada ya hapo walikuja wagonjwa wa kuhara, wa homa ya nyongo, wa vidole vilivyoungua kwa baridi. Mchana aliwazungukia waliolala mahemani na katika hospitali ya kikosi cha uchukuzi iliyokuwa jirani. Mwenye fedha alilipa, na asiyekuwa nazo mara nyingi aliandikiwa deni lisilolipwa. Askari wakamwita Mama.

Aliuza na pombe, wala sitaificha habari hiyo kwa kuwa naandika kwa wasomaji wa pwani. Palikuwa na Pasha mmoja wa Kituruki, majeshi yake yamepiga kambi karibu, aliyekuwa akija Spring Hill kujifunza Kiingereza kwa Bibi Seacole. Maneno aliyoyashika yalikuwa machache mno, na miongoni mwake lilikuwamo la kuomba aongezwe shampeni. Msomaji atacheka au ataomba istighfari, apendavyo. Nightingale naye, katika barua ya siri ya mwaka 1870, alikubali kwamba Seacole aliwatendea wema askari, lakini akamlaumu kwa kuleta ulevi. Lawama hiyo haikuwa ya uongo mtupu. Ila Nightingale alikuwa na fedha za serikali nyuma yake, na Seacole hakuwa na mshahara. Kilicholipia bandeji ni kilichouzwa dukani.

Palipopiganwa alikwenda mwenyewe, amepakia nyumbu wawili vyakula, divai na vitambaa vya majeraha. Risasi za mizinga zilipopita juu, askari walimpigia kelele alale chini, na mara moja alipojitupa aliteguka kidole gumba cha mkono wa kulia, kisipone sawasawa maisha yake yote. Katika vita vya mto Chernaya, mwezi Agosti 1855, aliwafunga majeraha Wafaransa, Wasardinia na hata Warusi waliokuwa adui. Mrusi mmoja alikuwa na risasi tayani. Mary alipotia kidole kinywani ili aitoe, yule mtu akafunga meno akafa, na wengine wakasaidia kulifungua taya ili kidole kitoke. Alama yake alikaa nayo. Mji wa Sevastopol ulipoanguka mwezi Septemba, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuingia, moshi ungali unafuka, na askari wa Kifaransa wakamkamata wakidhani ni jasusi wa Warusi.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Paris tarehe 30 Machi 1856. Ni mwaka ule ule aliofariki Sayyid Said baharini, akitoka Omani kurudi Unguja. Kwa Mary, amani ilikuwa msiba wa biashara. Stoo ilikuwa imejaa, wanunuzi wanapanda meli, madeni hayakulipwa. Vitu vya thamani viliuzwa mnadani kwa bei ya kutupa. Akarudi London, na kabla ya mwaka kwisha mahakama ikamtangaza kuwa amefilisika. Nightingale alirudi akapewa mfuko mkubwa wa fedha uliochangwa na taifa. Seacole alirudi akadaiwa.

Askari hawakumsahau. Magazeti ya The Times na Punch yalimsemea, na mwezi wa Julai 1857 ikafanywa tamasha ya siku nne katika bustani za Royal Surrey kwa ajili yake, yenye wapiga muziki na waimbaji wapatao 1,000. Yasemekana watu 80,000 walihudhuria. Kampuni ya bustani hizo ikafilisika nayo, na fedha zilizomfikia Mary zilikuwa pauni 57. Katika mwezi huo huo alitoa kitabu cha maisha yake, kikauzika vizuri.

Miaka ya mwisho aliishi mara Jamaika mara London. Mwaka 1867 watu wakuu, akiwamo mrithi wa kiti cha ufalme, walifufua mfuko wake, hata akafa si maskini, tarehe 14 Mei 1881. Alizikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya Kensal Green, London. Kisha akasahauliwa.

Waliomfufua hawakuwa wakubwa. Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilikosa wauguzi, na ilipoanzisha hospitali za umma mwaka 1948 ikawaita wasichana wa visiwa vya Karibi. Walikuja kwa maelfu. Waliingia wodi za usiku, wakavumilia wagonjwa waliokataa kuguswa nao, wakapangiwa mafunzo ya daraja ya chini ambayo hayakutambuliwa hata walikotoka. Kule kwao Jamaika, chama cha wauguzi kilikuwa kimeipa makao yake jina la Seacole mwaka 1954. Na ni wauguzi wa Kijamaika waliokaa London walioshirikiana na wengine kulitafuta kaburi, wakalitengeneza, na mwaka 1973 likazinduliwa upya. Mwaka 2004 wananchi wa Uingereza walipopiga kura ya Mwingereza mweusi aliye mkuu kuliko wote, wa kwanza alikuwa yeye.

Tangu tarehe 30 Juni 2016 sanamu yake imesimama katika uwanja wa hospitali ya St Thomas', London, ile ile ambayo Nightingale aliianzisha shule yake. Wapo waliopinga, wakisema si mahali pake. Amechongwa akitembea, begi begani, uso kuelekea Bunge lililo upande wa pili wa mto.

Habari hizi nilimsimulia binti wa jirani yangu siku mbili kabla ya safari yake. Alisikiliza, kisha akaniuliza swali moja tu, ikiwa yule bibi alikuwa na mkataba wa kazi. Nikamwambia la. Akaitoa barua yake katika mkoba, akaisoma tena ukurasa wa mshahara na ule wa nyumba ya kulala, akaikunja. Alinieleza kwamba hospitali aliyopangiwa iko kaskazini, mbali na London, na kwamba akipata likizo atakwenda kuitazama hiyo sanamu.